Umeachishwa Kazi kwa Madai ya Mgongano wa Maslahi? Hatua za Kumshtaki Mwajiri kwa Kukuchafulia Jina Nchini Kenya

Mameneja na wakurugenzi wengi huondolewa kazini kwa tuhuma za mgongano wa maslahi, kisha jina lao likasambazwa kwa wafanyakazi, wauzaji na magazeti. Wanakwenda mahakamani na uchungu wa haki kabisa, na wanatoka mikono mitupu. Sababu ni zile zile kila mara: wamechelewa, wamelalamikia kufukuzwa badala ya maneno, wamefungua shauri kwenye mahakama isiyo na mamlaka, au hawakuleta shahidi hata mmoja.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Hauchukui nafasi ya wakili, lakini utakufikisha kwa wakili ukiwa na faili linalosomeka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba wa ajira, barua ya uteuzi, na sera ya kampuni kuhusu mgongano wa maslahi jinsi ilivyokuwa wakati wa tukio. Sera iliyorekebishwa baadaye haikusaidii.
- Fomu zote ulizojaza kutangaza maslahi yako, na barua pepe zinazoonyesha zilipokewa na nani.
- Barua ya kutakiwa kujieleza, majibu yako, kumbukumbu za kikao cha nidhamu na barua ya kuachishwa kazi.
- CR12 ya kila kampuni inayotajwa kwenye tuhuma. Ni hati ya Msajili wa Makampuni, inapatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa.
- Maneno yenyewe: gazeti, barua pepe, ujumbe wa WhatsApp, barua kwa wauzaji.
- Majina ya watu waliosoma au kusikia, na uhusiano wao na wewe.
- Hati yoyote ya kuachana uliyotia saini ulipochukua malipo yako ya mwisho.

Onyo moja kabla hujaendelea. Usiingie kwenye akaunti ya kampuni kwa nywila ya zamani, wala usimwombe msaidizi wako akutolee mafaili kisirisiri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini, na mwajiri atafurahi sana kukupata na kosa la kweli. Iko njia halali, nayo nitaieleza katika hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Hesabu miezi 12, kisha soma ulichotia saini

Shauri la kashfa, yaani la kuchafuliwa jina, Kenya lina ukomo wa miezi 12, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri. Hesabu huanza siku maneno yalipomfikia mtu wa tatu. Siku uliyofukuzwa na siku rufaa yako ya ndani ilipokataliwa haziingii kwenye hesabu hii.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wamesikia kwamba madai ya ajira yana miaka mitatu, na ni kweli, lakini hayo ni madai ya kufukuzwa isivyo haki. Kashfa ina saa yake. Mtu anasubiri rufaa ya ndani, halafu mazungumzo ya malipo, halafu ahadi ya mwenyekiti wa bodi kwamba "tutalimaliza", na mwezi wa 13 unaingia. Mazungumzo hayasimamishi muda.

Chukua karatasi, andika kila tukio la kusambazwa kwa maneno na tarehe yake. Barua pepe ya Machi na tangazo la gazeti la Mei ni matukio mawili, na moja linaweza kuwa limeshakufa huku jingine lingali hai.

Siku hiyo hiyo, toa hati ya kuachana uliyotia saini. Je, ina kifungu kinachosema umeachilia madai yote dhidi ya kampuni, yanayojulikana na yasiyojulikana? Kama kipo, mwonyeshe wakili kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu huenda ndicho kitakachokuwa utetezi wao wa kwanza. Ukiwa bado hujatia saini, usitie mpaka kifungu hicho kijadiliwe.

Hatua hii imekamilika ukiwa na orodha ya matukio yaliyo ndani ya muda, kila moja na tarehe yake ya mwisho.

## Hatua ya 2: Yashike maneno yenyewe

Mahakama haihukumu hisia kwamba "walinichafulia jina". Inahukumu maneno fulani. Hati ya madai, yaani karatasi inayofungua shauri mahakamani, lazima iyanukuu neno kwa neno, katika lugha yaliyotumika. Kama mkuu wa rasilimali watu alisema kwa Kiswahili au Kikamba mbele ya wauzaji, andika kama alivyosema, halafu weka tafsiri. Muhtasari wako mwenyewe, hata uwe mzuri namna gani, hautoshi.

Kwa kila tukio andika mambo manne: maneno, aliyeyatoa, walioyapokea, tarehe na mahali.

Ujumbe wa simu na barua pepe zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyopatikana, kwa kifaa gani na nani aliyekishika. Skrinshoti uliyotumiwa na rafiki bila cheti ni ushahidi ulio mashakani. Mwombe aliyepokea ujumbe auhifadhi kwenye simu yake, asiufute, na awe tayari kutoa cheti.

Na sasa ile njia halali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi zinazoshikiliwa na mwajiri, na kanuni zake za 2021 zinampa siku 7 kujibu, bila malipo. Andika ombi fupi: barua, ripoti na mawasiliano yanayonitaja kwa jina kuhusiana na tuhuma hizi. Hawatakupa kila kitu. Lakini kukataa kwao kwa maandishi ni karatasi yenye faida, na ukinyimwa bila sababu unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

## Hatua ya 3: Thibitisha kwamba mtu wa tatu aliyapokea

Barua ya kutakiwa kujieleza iliyokabidhiwa mkononi mwako peke yako, hata ikiwa imejaa matusi, haijakuchafulia jina mbele ya mtu. Ukiisambaza mwenyewe kwa marafiki, umeisambaza wewe.

Vivyo hivyo kwa barua ya kufukuzwa. Nimesoma mashauri ambayo mdai aliambatisha barua hiyo kama ndiyo kashfa kuu, na mwisho wa siku hakuonyesha mtu mwingine aliyeisoma zaidi ya waliohusika kuiandaa.

Yanayobeba shauri kwa kawaida ni haya: barua pepe kwa wafanyakazi wote, barua kwa wauzaji na wateja, taarifa kwa vyombo vya habari, majibu kwa mwajiri mpya aliyepiga simu kuuliza habari zako, na lile tangazo la gazeti lenye picha.

Tangazo la picha linastahili kutazamwa kwa makini. Husema kwamba fulani "si mfanyakazi wetu tena na hana idhini ya kufanya shughuli kwa niaba yetu". Kwa maana ya kawaida, maneno hayo ni ya kweli. Ukishtaki hivyo hivyo, utetezi wa ukweli unakumaliza. Ikiwa unasema wasomaji walielewa kwamba wewe ni mwizi, hiyo ni maana ya fumbo, na Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Amri ya 2 kanuni ya 7, zinataka utaje mambo yanayoleta maana hiyo: kwamba wiki ile gazeti lilikuwa limeandika juu ya uchunguzi wa zabuni, kwamba kampuni haikuwahi kutangaza hivyo kwa meneja mwingine aliyeondoka, kwamba wauzaji fulani walijua habari hizo. Bila mambo hayo kuandikwa kwenye hati, hutaruhusiwa kuyaleta ukiwa kizimbani.

## Hatua ya 4: Jihoji kuhusu ukweli kabla hawajakuhoji

Ukweli ni utetezi kamili. Kwa hiyo fanya kazi ya wakili wa upande wa pili, tena bila huruma.

Anza na CR12. Je, jina lako, la mwenzi wako, la ndugu au la mtoto limo? Limewahi kuwamo na likaondolewa? Uliondoka lini, na zabuni ilitolewa lini? Sheria ya Makampuni ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake katika shughuli za kampuni, na sera nyingi za ndani huenda mbali zaidi, zikiwagusa mameneja na jamaa zao. Kwa watumishi wa umma ipo pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, inayosimamiwa na EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi.

Sasa tenganisha mambo matatu ambayo waajiri hupenda kuyachanganya:

Kuwa na maslahi si kosa. Meneja wa ununuzi ambaye shemeji yake ana kampuni ya usafirishaji ana shemeji tu.

Kutotangaza maslahi ni uvunjaji wa sera, na huenda kukatosha kukufukuza.

Kuyatumia maslahi hayo kujinufaisha ni tuhuma ya ufisadi.

Shauri lako zuri liko pale mwajiri anapokuwa na ushahidi wa jambo la kwanza au la pili, lakini akaandika la tatu. Kama sera ilisema ujaze fomu kila Januari na wewe ukachelewa hadi Machi, wakaandika kwa wauzaji kwamba "alijipatia pesa kupitia zabuni", pengo kati ya ukweli na maneno ndilo shauri lako. Lakini kama kweli ulipokea pesa, acha. Hukumu itakayosema wazi kwamba tuhuma zilikuwa za kweli itakufuata kwa maisha yako yote, na gharama za mwajiri utalipa wewe.

Umefika panapotakiwa ukiweza kueleza kwa sentensi mbili ni nini hasa katika maneno yao si kweli, na ni karatasi gani inayoonyesha hivyo.

## Hatua ya 5: Pima kinga ya mwajiri

Hii ndiyo ngome yao kubwa, na ndiyo inayohitaji kazi zaidi ya zote.

Sheria inamlinda mtu anayesema jambo kwa nia njema kwa mwingine mwenye haki au wajibu wa kulijua. Ripoti ya ukaguzi wa ndani kwa kamati ya bodi ina kinga hiyo. Taarifa kwa Benki Kuu kuhusu meneja wa benki, malalamiko kwa EACC au polisi, na majibu kwa mwajiri mpya aliyeuliza, yote kwa kawaida yana kinga. Yaliyosemwa ndani ya kesi mahakamani yana kinga kamili, hayaguswi.

Kinga ya kwanza ina masharti. Inavunjwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kutoka nje ya duara. Kamati ya ukaguzi ina haja ya kujua. Je, madereva wa bohari la Mombasa wana haja ya kujua? Wauzaji ambao hawakuwahi kushughulika na wewe? Chora orodha ya waliopokea, na mbele ya kila jina andika sababu ya kampuni kumwambia. Majina yasiyo na sababu ndiyo unayoyatafuta.

Ya pili ni nia ovu. Nayo haithibitishwi kwa kusema "walinichukia". Tafuta: je, walikuwa na fomu yako ya kutangaza maslahi kwenye faili na bado wakaandika kwamba hukutangaza? Je, walisambaza taarifa kabla ya kikao cha nidhamu ambacho Sheria ya Ajira, kifungu cha 41, inawataka wakupe nafasi ya kusikilizwa? Je, lugha ilizidi kwa mbali matokeo ya ukaguzi? Je, ulikuwa umeripoti jambo fulani juu ya bosi wako miezi michache kabla? Haraka, uzembe au kukosea kwa nia njema, kwa vyenyewe, havitoshi.

Kama kila kitu walichosema kilibaki ndani ya bodi na hakuna dalili ya nia ovu, shauri la kashfa si lako. Elekeza nguvu kwenye kufukuzwa isivyo haki, ambako fidia inaweza kufika mshahara ghafi wa miezi 12.

## Hatua ya 6: Chagua mahakama

Mahakama ya Madai Madogo haipokei mashauri ya kashfa, hata ukidai shilingi elfu hamsini. Iondoe kabisa.

Zinabaki mahakama za mahakimu, ambako Hakimu Mkuu hufikia shilingi milioni 20, Mahakama Kuu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Majaji wametofautiana juu ya kashfa inayozaliwa na ajira: wengine wamesema Mahakama ya Ajira inaweza kuisikiliza pamoja na madai ya kufukuzwa, wengine wameielekeza kwenye mahakama za kawaida.

Tofauti hii ina meno. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba shauri lililofunguliwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka ni batili tangu mwanzo, na haliwezi kuokolewa kwa kuhamishwa. Ukilifungua mwezi wa 11 tangu maneno yasambazwe, mahali pasipo pake, litakapotupwa miezi 12 itakuwa imepita. Nionavyo mimi, wakili wako akupe jibu la maandishi kuhusu mamlaka ya mahakama, na ufungue kufikia mwezi wa 6 wa hesabu hiyo, ili ukikosea uwe na nafasi ya kuanza upya.

Usikimbilie polisi. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Februari 2017.

## Hatua ya 7: Andika barua ya madai

Barua hii, unayompelekea mwajiri kabla ya kufungua shauri, huambatishwa baadaye kwenye hati ya madai, kwa hiyo iandike ukijua jaji ataisoma. Taja maneno, tarehe, walioyapokea, kisichokuwa kweli, na unachotaka: maneno yafutwe, masahihisho yatumwe kwa watu wale wale waliotumiwa kashfa, wakuombe radhi, wakulipe fidia. Toa siku 7 au 14.

Usitishie kuwaripoti KRA, mamlaka ya ushuru. Usiweke siri za kampuni. Na usiiweke barua hiyo mtandaoni, kwa sababu ukiwaita wezi hadharani umewapa madai ya kukushtaki nao.

Wakijibu kwa kutoa radhi, usiikatae kwa hasira. Sheria ya Kashfa inaruhusu radhi kupunguza fidia, na kwa mtu anayetafuta kazi nyingine, barua safi ya masahihisho mwezi huu ina thamani kuliko hukumu ya miaka kadhaa ijayo. Soma maneno yake tu kwa makini: "tunasikitika iwapo umekwazika" si radhi.

## Hatua ya 8: Fungua shauri

Hati ya madai huenda na hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa saini, na nakala za nyaraka, ikiwemo barua ya madai. Siku hizi hupandishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama na ada hulipwa huko huko.

Mshtaki kampuni, na aliyetia saini maneno pia kama una ushahidi wa nia yake. Usiburuze bodi nzima. Kila mdaiwa asiye na hatia utakayeshindwa dhidi yake ana haki ya kudai gharama.

Kuhusu amri ya muda ya kuwanyamazisha: ni vigumu. Tangu uamuzi wa Cheserem dhidi ya Immediate Media Services mwaka 2000, ambapo mdai alikuwa Gavana wa Benki Kuu, mahakama zetu hutoa amri hiyo pale tu maneno yanapokuwa kashfa waziwazi na utetezi hauonekani. Iombe kama maneno bado yanasambazwa. La sivyo, usipoteze pesa.

## Hatua ya 9: Leta mashahidi wasio wewe

Jina zuri ni jinsi watu wengine wanavyokuona. Ushahidi wako kwamba uliumia hauonyeshi kwamba watu walikushusha. Mahakama za Kenya zimetupa mashauri mengi kwa sababu mdai alisimama kizimbani peke yake.

Tafuta wawili au watatu: muuzaji aliyepokea ile barua, mwenzako wa taaluma aliyesita kukupendekeza, mzee wa kanisa au msikiti aliyekutoa kwenye kamati ya fedha. Kila mmoja aeleze alisoma nini, alielewa nini, na alifanya nini baadaye. Jamaa wa karibu anayesema "mimi sikuamini hata kidogo" anawasaidia wadaiwa.

Hasara ya pesa itajwe kwa tarakimu kwenye hati na ithibitishwe kwa karatasi. Barua ya kazi mpya iliyoondolewa baada ya mwajiri huyo kupiga simu ni dhahabu.

## Hatua ya 10: Fidia na kinachofuata

Katika shauri la Gicheru dhidi ya Morton la 2005, Mahakama ya Rufaa ilitaja mambo ya kuangaliwa: uzito wa maneno na upana wa kusambazwa, athari kwa mdai, kilichopunguza madhara kama radhi, na kilichoyazidisha kama wadaiwa kushikilia tuhuma hadi mwisho. Andaa ushahidi kwa kila kimoja.

Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kina jambo ambalo mawakili wengine hulisahau. Kama kashfa ya maandishi ilikutuhumu kosa la jinai linaloadhibiwa kwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, fidia haishuki chini ya shilingi 400,000. Taja kosa hilo na adhabu yake kwenye hati.

Usitegemee mshahara hadi umri wa kustaafu, wala usidai hasara ile ile kwenye mahakama mbili.

Kesi nyingi hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi ulio chini ya mahakama. Nenda ukiwa na maneno ya masahihisho umeshayaandika, orodha ya watakaotumiwa, na maandishi ya barua ya utambulisho itakayotolewa kila mwajiri mpya atakapouliza. Hakimu hawezi kuwaamuru wakuandikie barua nzuri ya utambulisho. Msuluhishi anaweza kukusaidia kuipata.

Ukishindwa mbele ya hakimu una siku 30 kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukishindwa Mahakama Kuu au Mahakama ya Ajira, notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14, hata kama nakala ya hukumu bado haijachapwa.